Si Kila Kikohozi ni Kifua Kikuu

Nyumbani kwetu Tarime kuna kikombe cha bati ambacho hakuna anayekitumia. Kilikuwa cha baba mdogo. Alitengewa siku ile aliyorudi kutoka hospitali na mfuko wa dawa za kifua kikuu. Alitengewa pia sahani, kijiko na kigoda chake cha kukalia nje, chini ya mwembe. Watoto waliambiwa wasimsogelee. Mama alikuwa akikimwagia kikombe kile maji ya moto kila baada ya chai, kisha anakipachika peke yake kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Hakuna aliyefanya hayo kwa ubaya. Tuliambiwa ni TB, na TB tunaijua.

Makohozi yake yalipimwa mara tatu. Mara zote hayakuonyesha kitu. Picha ya kifua ilionyesha madoa, na kwa kuwa alikuwa anakohoa, anatoka jasho usiku na kukonda, aliambiwa aanze dozi. Sitaki kumtukana aliyeamua hivyo. Mgonjwa kuanzishiwa dawa za TB kwa dalili na picha, bila vimelea kuonekana, ni jambo linaloruhusiwa na miongozo, na limeokoa maisha ya watu wengi ambao makohozi yao hayakusema ukweli. Baba mdogo alimeza vidonge miezi sita bila kukosa hata siku moja. Dada yangu alikuwa akiweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Alipomaliza, alikuwa mwepesi kuliko alipoanza. Akaambiwa aanze upya. Mwezi wa pili wa awamu ya pili haukuisha. Msibani, watu walipouliza aliugua nini, tulijibu neno moja: kifua.

Katika miezi yote hiyo, kwenye zahanati, kituo cha afya na hospitali, hakuna aliyemuuliza alikuwa anafanya kazi gani kabla ya kuugua. Mimi najua, kwa sababu nilikuwa naye.

Alikuwa amepanga chumba cha duka Mugumu, wilayani Serengeti, katika jengo la zamani lililokuwa limefungwa kwa miaka. Kodi ilikuwa nafuu kwa sababu dari ilikuwa imejaa popo. Tulibomoa mbao za dari kwa nyundo, na kinyesi kilichokauka kikatushukia kama pumba za mahindi. Tulifagia kavu siku mbili, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiende kwa jirani. Tulijifunga fulana puani, tukazivua joto lilipozidi. Baba mdogo hakuwa mtu wa kutupa kitu: kinyesi kile tulikijaza kwenye viroba na kukisafirisha hadi Tarime, akakichanganya na mbolea ya kuku kwenye bustani yake ya vitunguu.

Wiki mbili baadaye niliumwa homa, kichwa na kifua, na kikohozi kikavu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikaambiwa ni mafua ya vumbi, nikapona bila dawa yoyote ya maana. Baba mdogo, aliyekuwa na miaka zaidi ya hamsini na mvutaji sigara tangu ujana wake, alianza kukohoa wiki ileile na hakuacha tena.

Sidai kwamba najua kilichomuua. Nadai kwamba hakuna aliyetaka kujua, na kwamba kutotaka kujua huko ni utaratibu wetu, si bahati mbaya ya mtu mmoja.

Upo ugonjwa wa mapafu unaotokana na fangasi. Nilipowaambia rafiki zangu maneno hayo kwa mara ya kwanza walicheka. Kwetu fangasi ni wa vidole vya miguu, au wa mabafu ya hosteli. Huu unaitwa histoplasmosisi, na fangasi yenyewe *Histoplasma capsulatum*. Huishi kwenye udongo, hasa udongo uliorutubishwa na kinyesi cha ndege na popo: chini ya mabanda ya kuku, chini ya miti wanakolala ndege kwa wingi, mapangoni, kwenye magofu na darini. Kinyesi kikiachwa kimetulia, hatari yake ni ndogo. Hatari huja kinapovurugwa kwa ufagio, jembe au nyundo. Chembe zake za uzazi, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, hupaa na vumbi na kuvutwa hadi ndani kabisa ya mapafu. Humo, kwenye joto la mwili, fangasi hubadilika umbo ikawa kama hamira, na huingia kuishi ndani ya chembe zilezile za kinga zilizotumwa kuiua.

Kuku mwenyewe haugui, kwa kuwa joto la mwili wa ndege ni kali mno kwa fangasi hii. Kazi yake ni kurutubisha udongo inamoota. Popo ni tofauti: yeye huweza kuambukizwa, na kinyesi chake kikatoka na fangasi tayari.

Wengi wanaovuta chembe hizo hawajisikii lolote. Baadhi hupata homa, kikohozi, maumivu ya kifua na uchovu kati ya siku 3 na 17 baadaye, na aghalabu hupona wenyewe. Lakini kwa aliyevuta vumbi jingi, ugonjwa huweza kuwa mkali. Kwa mwenye mapafu yaliyokwisha kuchoka, kwa mfano mvutaji sigara wa miaka mingi, huweza kuwa wa kudumu, ukatoboa mapafu na kumkondesha mtu, hadi picha yake ya kifua isitofautike na ya mgonjwa wa TB. Na kwa anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, fangasi hutoka mapafuni na kusambaa hadi kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa. Asipotibiwa, hufa.

Hauambukizwi kwa kukoholeana. Mtu hampi mtu mwingine. Ikiwa huo ndio ulikuwa ugonjwa wa baba mdogo, basi tulimtenga na wajukuu wake mwaka wake wa mwisho bila sababu yoyote.

Yanayofuata si mapya, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Desemba 1905, kwenye ujenzi wa Mfereji wa Panama, daktari Mmarekani Samuel Darling alipasua maiti ya seremala kutoka Martinique. Mapafu yalionekana kama ya mtu aliyekufa kwa kifua kikuu kilichosambaa. Darling hakuishia kwenye kuonekana. Aliangalia kwa darubini, akakuta vijidudu ambavyo havikuwa vya TB. Alikosea kudhani ni jamii ya protozoa, na ilichukua hadi 1934 kwa mtafiti William De Monbreun kuvikuza maabara na kuthibitisha kwamba ni fangasi. Lakini swali la Darling lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza: je, hii kweli ni TB? Zaidi ya miaka 100 baadaye, mgonjwa wa Tarime bado anasubiri kuulizwa swali hilo.

Wala hatuwezi kusema ni ugonjwa wa Panama. Mwaka 1960 watafiti Ajello, Manson-Bahr na Moore walichapisha taarifa kwamba fangasi hii ilipatikana kwenye Mapango ya Amboni, Tanga. Ilikuwa Tanganyika bado, haijapata hata Uhuru. Wengi wetu tumewahi kusikia Amboni kama mahali pa safari za shule, na hadithi za mbwa aliyeingilia Tanga akatokea mbali. Hadithi ya fangasi hatukusimuliwa.

Mwaka 2011 wanafunzi 24 wa biolojia, wengi kutoka nje ya Afrika, walikwenda kwenye mafunzo katika msitu wa mvua nchini Uganda. Waliingia ndani ya mti mkubwa wenye uwazi, unaokaliwa na popo. Wanafunzi 13 kati yao waliugua histoplasmosisi ya mapafu. Hata wao, baadhi walianza kwa kudhaniwa kuwa na TB. Tofauti ni kwamba kwao kulikuwa na mtu wa kuuliza: mlikuwa wapi, na mligusa nini? Jibu likapatikana. Watoto wa vijijini walio jirani na miti kama hiyo hawana orodha ya safari wala barua pepe ya kikundi. Wana kikohozi tu.

Kisha ipo Moshi. Kati ya 2007 na 2008, wagonjwa waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo waliingizwa kwenye utafiti. Sampuli za wagonjwa 970 zilipopimwa antijeni ya *Histoplasma*, 9 walikuwa na dalili zote za kuwa na ugonjwa huu. Taarifa ilichapishwa mwaka 2012. Tisa ni wachache, mtaniambia. Sawa. Lakini utafiti huohuo wa Moshi ulitoa taarifa nyingine ambayo kila Mtanzania angepaswa kuikariri. Kati ya wagonjwa 870 wa homa, asilimia 60.7 waliambiwa wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Namba ile inahusu malaria, haihusu mapafu, lakini inaeleza tabia yetu. Tuna majina machache ya magonjwa, na mgonjwa akifika tunampa lililo karibu. Homa ni malaria. Kikohozi kirefu ni TB. Tumbo ni taifodi. Mgonjwa asipopona, kosa linakuwa lake: hakumeza vizuri, alikunywa pombe, alikwenda kwa mganga wa kienyeji.

Sasa nirudi Mara. Ukitaka kuchora mazingira ambamo fangasi hii ingestawi na watu waivute, ungechora kitu kinachofanana sana na wilaya hizi mbili. Tarime na Serengeti kuna kuku karibu kila boma, na usiku wengi hulala ndani, jikoni au chini ya kitanda, kwa hofu ya wezi na kicheche. Kuna mbolea ya kuku inayopakiwa kwa mikono mitupu. Kuna madarasa, makanisa na maghala yenye popo darini, na harufu ile ambayo kila aliyesoma huko anaijua. Nyamongo na kwingineko kuna mashimo ya dhahabu, mengine yameachwa, na wachimbaji wadogo huyarudia wakitafuta mawe yaliyobaki. Shimo lililoachwa ni pango, na pango likikaa muda mrefu popo hulipata. Mchimbaji akirudi nyumbani anakohoa, ana maelezo matatu tayari: vumbi la mawe, TB, au karasha. La nne hajawahi kulisikia.

Na kuna sisi wanafunzi wa jana. Nilisoma shule ambayo zamu ya usafi ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Darasa la sita lilikuwa na popo. Tulifagia kinyesi kilichodondoka usiku, kikavu, kwa mafagio ya mikono tuliyotoka nayo nyumbani, vumbi likisimama kwenye mwanga wa dirisha. Aliyechelewa alipewa adhabu ya kufagia peke yake. Mpaka leo asubuhi hii hii, mahali fulani wilayani, kuna mtoto anafagia hivyo na mwalimu anahesabu ni malezi mema.

Serengeti inatupa pia kipimo cha nani anayestahili uchunguzi. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa. Takribani theluthi moja yao waliangamia. Wanasayansi walikusanyika, damu ikachukuliwa, sampuli zikasafiri, na kufikia 1996 dunia nzima ilikuwa imesoma kwenye jarida kubwa la sayansi kwamba ni virusi vya distempa, vilivyohusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Baadaye mbwa wetu walichanjwa, mwaka baada ya mwaka. Sina kinyongo na simba. Chanjo zile za mbwa zilikwenda pamoja na ya kichaa cha mbwa, na zimewaokoa watoto wetu. Ninachouliza ni kimoja. Simba alipougua, aliulizwa alikutana na nani na alikula nini. Mzee wa Mugumu akikohoa mwaka mzima pembeni mwa hifadhi hiyohiyo, kwa nini haulizwi?

Msiniambie kwamba serikali haiwezi. Julai 2022, huko Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuumwa homa na kutokwa damu puani. Wizara ya Afya ilituma timu, sampuli zikapimwa, na ndani ya muda mfupi tukaambiwa ni leptospirosisi, ugonjwa unaosambazwa na mkojo wa wanyama. Wagonjwa walikuwa 20, watatu wakafariki. Ukapewa jina la Kiswahili ambalo bibi yeyote angelishika: homa ya mgunda. Jina lile lilifanya kazi kuliko semina kumi. Watu walijua linatoka shambani, na kwamba panya na maji yaliyotuama vimo ndani yake. Histoplasmosisi haina jina la Kiswahili mpaka leo. Mwaka 1997 mwanamuziki Bob Dylan alilazwa kwa sababu ya ugonjwa huu, na magazeti ya Marekani yakajifunza kuutamka kwa wiki moja. Sisi tuna fangasi yenyewe kwenye mapango yetu tangu 1960, na hatujajifunza.

Najua majibu ninayopewa, maana nimeshayapewa.

Jibu la kwanza hutoka kwa watu ninaowaheshimu. Muuguzi mmoja, rafiki yangu wa sekondari, aliniambia: "Mura, mimi asubuhi nina foleni mpaka getini. TB inaua kweli. Wewe unataka nianze kutafuta popo?" Ana haki. TB inaua kweli, dawa zake hutolewa bure, na mtu yeyote anayesoma makala hii akiwa kwenye dozi asithubutu kuiacha kwa maneno yangu. Lakini simwombi aache kutafuta TB. Namwomba pale makohozi yanapogoma mara tatu, na mashine ikagoma, na mgonjwa akameza miezi miwili bila nafuu, basi asirudie neno lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Kipimo cha TB hakiwezi kuiona fangasi. Si kwamba ni kibovu. Hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Na kuna hatari ya ziada: rifampisini, mojawapo ya nguzo za matibabu ya TB, hushusha sana kiwango cha itrakonazoli mwilini, ambayo ndiyo dawa ya fangasi hii. Kwa hiyo hata kubahatisha dawa zote mbili kwa pamoja si mkato. Inabidi kujua.

Jibu la pili ni kwamba ugonjwa ni wa nadra. Nadra kwa hesabu ya nani? Ugonjwa usiopimwa siku zote ni wa nadra. Daftari la hospitali haliwezi kuonyesha jina ambalo hakuna anayeruhusiwa kuliandika. Shirika la Afya Duniani haliuoni kuwa wa nadra kiasi cha kuupuuza. Mwaka 2019 liliweka kipimo cha antijeni ya *Histoplasma* kwenye orodha yake ya vipimo muhimu. Mwaka 2020, pamoja na tawi lake la nchi za Amerika, likatoa mwongozo wa kutibu aina inayosambaa mwilini kwa wanaoishi na VVU. Mwaka 2022, lilipotoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi hatari kwa binadamu, *Histoplasma* ilikuwemo kwenye kundi la kipaumbele cha juu. Itrakonazoli imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo tangu 2017. Orodha zote hizo zipo. Kipimo chenyewe ni cha mkojo. Hakihitaji kumtoboa mtu mapafu. Kinachokosekana ni mtu wilayani mwenye kipimo hicho mkononi, na sababu ya kukitumia.

Jibu la tatu ni la gharama, na sitalidharau. Amfoterisini B, dawa ya wagonjwa mahututi, ni ghali na inahitaji uangalizi wa hospitali. Lakini hesabuni na upande wa pili. Miezi sita ya dawa zisizomsaidia mgonjwa, awamu ya pili juu yake, nauli za kwenda kliniki, vitunguu vilivyooza shambani kwa kukosa mkono, dada yangu aliyeacha biashara ya mitumba ili amuuguze. Hizo nazo ni fedha. Tofauti ni kwamba zinatoka kwenye mifuko yetu, kwa hiyo hazionekani kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Jibu la nne nalisikia kwa vijana wenzangu: basi tuwaue popo, tuwachome, tumalize. Hapana. Popo wanakula wadudu usiku kucha, na wengine hubeba mbegu za miti na kuchavusha maua. Na ukichoma moto dari au kuwafukuza kwa fujo, unafanya jambo lilelile linaloleta ugonjwa: unavuruga kinyesi, unajaza hewa vumbi, kisha unasimama katikati yake ukishangilia. Popo anazuiwa kwa kuziba matundu ya paa wakati amekwenda kula na hana makinda ndani, si kwa rungu.

Kwa hiyo nataka nini? Si maabara ya kisasa kila kijiji. Nataka mambo ambayo hayahitaji mfadhili.

Nataka swali moja liongezwe kwenye chumba cha daktari kwa kila anayekohoa zaidi ya wiki mbili: katika wiki za karibuni umesafisha banda, dari, ghala au pango, au umeingia shimo la zamani? Ni sekunde kumi. Nataka kipimo cha antijeni kiwepo angalau kwenye hospitali ya mkoa Musoma, kianzie kwa wanaoishi na VVU wanaozidi kukonda licha ya dawa, na kwa wale wote ambao TB yao haijawahi kuonekana kwenye darubini wala mashine. Nataka mwanafunzi wa udaktari anayemaliza chuo leo asilisome jina hili kwa ajili ya mtihani tu. Nataka watu wa lugha, nyinyi mnaosoma majarida kama haya, mlitafutie jina. Msingoje kamati. Wakulima walikwisha tuonyesha kwa homa ya mgunda jinsi jina linavyopatikana: unataja mahali ugonjwa unapokukutia.

Na nataka mafagio makavu yaondoke mikononi mwa watoto. Bibi yangu, aliyezaa na kuzikia Tarime, hakuwahi kufagia uwanja bila kuunyunyizia maji kwanza kwa kata. Tulidhani ni ushamba, au mapambo. Kumbe ni ushauri uleule utakaoupata kwa wataalamu wa afya kuhusu kinyesi cha ndege na popo: kilowanishe kwa maji, taratibu, kisha kiondoe kikiwa kibichi, pua na mdomo vimefunikwa kwa barakoa inayobana hasa, si fulana. Kama ni kingi, kama kile cha dari la duka letu, si kazi ya mtoto, wala ya mjomba na kijana mmoja wenye nyundo. Ndoo moja ya maji kila darasa. Hiyo haihitaji waraka kutoka Dodoma, ingawa waraka ungesaidia.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilimweleza mama haya yote. Alisikiliza akichambua mchicha, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Na kama ilikuwa TB kweli, kikombe kingetuambukiza?" Nikamwambia ukweli. Hapana. TB huambukizwa kwa hewa, mtu anapokohoa. Haiambukizwi kwa vikombe wala sahani, na mgonjwa anayemeza dawa zinazomfaa huacha kuambukiza mapema, muda mrefu kabla ya kumaliza dozi. Kwa vyovyote vile, kwa ugonjwa huu au ule, kikombe kile hakikuwa na kosa.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba siku moja baba mdogo alimwomba amkalishe mjukuu wake wa mwisho mapajani, dakika moja tu, na yeye akakataa.

Huo ndio ujinga ninaoukataa. Hatukumnyima kwa ukatili. Tulimnyima kwa sababu tulipewa jina moja na hatukuambiwa kwamba lingeweza kuwa jingine. Wapo wengine kama yeye leo Nyamongo, Sirari, Natta na Mugumu, wamekaa chini ya miembe yao na vikombe vyao. Waulizwe walifagia nini.